Mwanangu Gavana

Kwanza mnisamehe kwa maandishi haya. Nilimaliza darasa la sita la shule ya msingi, na tangu hapo mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande, nyingine zinapanda juu ya mstari, na mahali pa kuweka alama sipajui vizuri. Ninaandika polepole sana. Sentensi moja inaweza kunikuta mwanzoni mwake asubuhi, na jua likiwa limefika ukutani bado niko katikati. Lakini kwa mdomo siwezi kabisa kulisema jambo hili. Watu wakinitazama, maneno yanarudi ndani na kufunga mlango.

Ninakaa Lubumbashi, katika komini iitwayo Kenya, ambayo ni mtaa wa mji wetu, si ile nchi, kwenye barabara ya vumbi jekundu ambako mafundi wa kuchomelea vyuma na makanisa vinashindana kelele. Asubuhi ninakaanga bitumbula, maandazi madogo ya mviringo, mbele ya lango la lupango letu. Lupango ni kiwanja na nyumba na ukuta wake, pamoja. Hilo ndilo eneo langu duniani, na ninalipenda.

Jina langu sitaliandika, na si kwa kujificha. Jina hilo si langu peke yangu. Nilizaliwa siku chache baada ya kifo cha nkambo, mama yake baba, na wazee wakanipa jina lake. Kwetu mtu wa namna hiyo anaitwa majina: yeye ni wewe na wewe ni yeye. Kwa hiyo baba yangu mzazi ananiita mama. Akikasirika kwa sababu nimeunguza maharagwe, anavuta pumzi kwanza, halafu anasema kwa heshima: "Mama, leo umetuua." Hawezi kunitukana. Nani anamtukana mama yake?

Nkambo alitoka Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Mimi sijawahi kufika huko. Wanasema barabara ni mbaya, gari linalala njiani. Lakini tangu utoto ninaota maji. Ninatembea kwenye matope ya ufuko, kuna matete marefu, kuna samaki wamelazwa juu ya majani wanameta kama vipande vya kioo, na mwanamke ambaye simwoni uso ananiambia nisogee niwapishe watu. Nikiamka, miguu yangu ni baridi. Nilipomsimulia baba, alisema hiyo si ndoto yangu, ni ya mama yake, imebaki ndani ya jina kama harufu ya moshi inavyobaki ndani ya nguo.

Baba ana kaka. Huyo kaka ndiye aliyekuwa gavana wa jimbo letu wakati wa habari hii. Na kwa sababu ya jina, gavana naye aliniita mama.

Najua linachekesha. Lilinichekesha hata mimi, nilipokuwa nimekua vya kutosha kucheka. Magari meusi yanasimama mbele ya karai langu la mafuta, vijana wenye miwani ya giza wanashuka, halafu mtu mnene mwenye suti anainama mbele ya msichana mwenye unga puani na kusema, "Mama, umelala bien?" Mimi ninatazama chini. Kwa desturi nilipaswa kumwita mwanangu. Sikuweza hata mara moja. Nilimpa kitumbula, na yeye alielewa kwamba hiyo ndiyo salamu.

Alipotaka ugavana mara ya kwanza nilikuwa bado shuleni. Gavana hatumchagui sisi wa mtaani, anachaguliwa na wabunge wa jimbo, na kabla yao chama kinaamua nani asimame. Siku aliyokwenda kutangaza kwamba anasimama, alipita nyumbani kwetu kuchukua pemba. Pemba ni udongo mweupe. Mama anauloweka kidogo, anampaka mtoto wake kwenye paji la uso, na mtoto anaondoka akiwa na njia wazi. Sisi ni Wakatoliki, kwa hiyo kwetu pemba inapakwa kwa alama ya msalaba. Nilikuwa mdogo, msalaba ukatoka umepinda. Alishinda. Tangu siku hiyo wamama wa chama walisema mkono wangu una kitu.

Miaka ikapita, muda wake ukakaribia mwisho, na redio zikaanza kuuliza: je, gavana atasimama tena? Yeye hakujibu. Alisema anawasikiliza wananchi. Lakini ndani ya chama chake mwenyewe kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa amekwisha kujibu kwa niaba yake. Alikuwa katibu wa chama, kijana bado, ambaye gavana mwenyewe alimtoa Mitwaba, alikokuwa mwalimu, akamleta mjini na kumfundisha siasa. Sasa kijana huyo alikuwa akiwaita wabunge wa chama mmoja mmoja na kuwaambia kwamba mzee amechoka, ampishe mwingine. Nusu ya chama ilimfuata. Hata kwenye barabara yetu mambo yaligawanyika. Fundi wa baiskeli alikuwa wa katibu, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, alikuwa wa gavana, na kila mmoja alinunua bitumbula kwangu akitaka nicheke utani wake kuhusu mwenzake.

"Mzee wenu akipanda ngazi anapumzika katikati," alisema fundi wa baiskeli.

"Anapumzika sababu anajua ngazi iko yake," alijibu muuza makala. "Wako anakimbia sababu anaogopa mwenye ngazi atarudi."

Mimi niligeuza bitumbula.

Asubuhi moja ya baridi, wakati ule wa mwaka ambapo moshi wa mbabula, majiko yetu ya makaa, unakaa chini karibu na ardhi na watu wanatokea ndani yake kama wanazaliwa, gari moja tu lilisimama. Halikuwa na vijana wa miwani. Baba ndiye aliyekuwa akiliendesha, maana kazi yake ilikuwa udereva wa kaka yake, na alibaki ndani ya gari, uso mbele. Gavana alishuka amevaa kofia ya sufu na koti la zamani. Aliingia ndani ya lupango, akavuta kigoda na kukaa karibu na moto wangu. Nilikuwa bado ninachanganya unga.

"Mama," alisema, "bantu banasema nini huku?" Bantu, kwetu, ni watu.

"Banasema unga umepanda bei," nilijibu.

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha peke yake. Alinyoosha mikono juu ya makala. Niliona vidole vyake vimevimba kwenye viungo. Katika picha zilizobandikwa mjini mikono yake haikuwa hivyo.

"Banataka niseme Jumapili," alisema. "Kama nasimama ao nabakia. Washauri banasema nisimame. Wamama banasema nisimame. Beye bote iko na kazi kupitia miye, unaelewa? Nikianguka, banaanguka." Aligeuza mikono upande wa pili. "Na nikibakia mwenyewe, yule mutoto atasema nimemuogopa. Miye nilimufundisha namna ya kushika mikrofoni. Bantu batacheka mupaka ku Kilwa."

Nilikanda unga. Yeye hakuonekana kungoja jibu. Alikuwa akiongea na moto.

Ndipo akanisimulia jambo la ujana wake. Alikuwa na umri kama wangu na alitaka kuvuka mpaka kwenda Zambia kutafuta kazi. Marafiki walikuwa nje wanamngoja, mzigo uko begani. Nkambo akaja mlangoni. Alifungua kikwembe chake cha juu, kile kitambaa ambacho kila mama hapa anajifunga kiunoni, akakitandika chini mlangoni, kutoka ukuta mpaka ukuta. Kwetu mtoto haruki kikwembe cha mama yake. Ukiruka, umemkana, ukirudi hakuna mtu wa kukufungulia.

"Nilikasirika sana," gavana alisema. "Nilipiga ukuta teke. Marafiki baliona vile, baliondoka bila kunicheka hata moja. Nani atacheka muntu aliyezuiwa na mama?" Alitazama mikono yake. "Lakini nikuambie kintu, mama. Mizigo nilikuwa nayo begani, lakini magoti yalikuwa yanatetemeka. Sikutakaka kwenda. Na sikukuwa na mulango wa kusemea ile ku marafiki."

Akala kitumbula cha kwanza kilichotoka, cha moto, akihamisha mkono hadi mkono. Akaondoka. Moshi ulimfunga nyuma, na kwa kitambo sikuwa na uhakika kama kweli alikuja au nililala juu ya unga.

Siku zilizofuata niliishi kama mtu aliye chini ya maji. Nilisikia kila kitu kutoka mbali. Baba alikuwa akiimba akiosha gari, jambo ambalo huwa halifanyi. "Jumapili, mama," aliniambia, "utengeneze pemba ya muzuri. Na msalaba unyooke safari hii." Akashika bega langu. Alikuwa na furaha kwa sababu alijua kaka yake akisimama yeye naye ataendelea kuendesha, na tutamalizia paa la chumba cha nyuma. Mimi nilifikiria magoti yale. Usiku niliota ziwa. Yule mwanamke hakuniambia nisogee. Alikuwa amekaa tu anapepeta kitu ndani ya ungo, na kila nilipokaribia alinipa mgongo.

Jumapili ilifika na ngoma. Wamama wa chama walijaza barabara, wote wamevaa vikwembe vilivyochapishwa uso wa gavana, uso wake ukitabasamu juu ya makumi ya matumbo na migongo. Ilipangwa aondoke nyumbani kwa mama yake, yaani kwangu, akiwa na pemba usoni, aende kwenye mkutano wa chama atangaze mbele ya katibu na wote. Fundi wa baiskeli alifunga karakana yake ili atazame. Gavana alikuwa ndani, kwenye sebule yetu ndogo, suti ya buluu, pamoja na mshauri wake mmoja mwembamba aliyekuwa akitazama simu. Baba alisimama nje karibu na gari, mlango umefunguliwa tayari.

Nilitoka chumbani na bakuli la pemba. Nilikuwa nimeloweka vizuri, ni nyeupe kama maziwa. Gavana alipiga magoti. Niliona paji lake la uso, jasho dogo dogo ingawa kulikuwa na baridi. Alifumba macho.

Sijui kueleza kilichofuata. Mikono yangu ilikuwa mbali sana na mimi. Niliweka bakuli juu ya meza. Nilifungua kikwembe changu cha juu, kile cha kazi, chenye madoa ya mafuta, nikaenda mpaka mlangoni na kukitandika chini. Kilikuwa kifupi, nilikivuta pembe ili kifike ukutani pande zote mbili. Nikasimama kando.

Ngoma ziliendelea kwa muda kwa sababu wa nyuma hawakuona. Wa mbele walinyamaza, kisha ukimya ukatembea kati ya watu kama maji yanavyopita kwenye mchanga.

"Ni nini hiyo?" aliuliza mshauri. Hakuwa mtu wa kwetu, alitoka mbali. "Msichana, toa hiyo nguo."

Nilikivuta tena pembe moja iliyokuwa imekunjika.

"Ekselansi, tunachelewa," alisema. "Ni katoto ka bitumbula. Ruka tu."

Kutoka nje kiongozi wa wamama wa chama, mama mkubwa mwenye sauti ya kanisa, alijibu kabla ya gavana: "Weye, ruka wa kwanza, tuone."

"Mimi si mtoto wake."

"Njo maana nyamaza." Njo ni ndiyo.

Mtu alicheka, akaacha. Mwingine alisema, "Lakini gavana mzima azuiwe na kikwembe cha mafuta?" Na mama yule akamgeukia: "Weye unaona mafuta. Yeye anaona mama yake. Jina haliko la katoto, liko la yule aliyelala ku makaburi. Miye nimekuja hapa kumupeleka, nimeimba tangu asubuhi, sauti imekwisha. Lakini kuruka, siwezi kumuambia aruke."

Gavana alikuwa amefika mlangoni. Alisimama, ncha za viatu vyake karibu na pindo. Alikitazama kikwembe muda mrefu. Nje waliona uso wake. Mimi niliona mgongo tu. Mgongo ule ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka. Baba, kule kwenye gari, alikuwa akinitazama kwa macho ambayo bado ninayaona. Mkono wake ulikuwa juu ya mlango uliofunguliwa.

Nilitaka kusema samahani. Kilichotoka kilikuwa kidogo sana, na nadhani yeye peke yake alikisikia.

"Mwanangu, ikala."

Ikala ni kaa, kwa Kiswahili chetu.

Akageuka. Akavua viatu, kimoja kwa mkono akiegemea ukuta, halafu kingine. Akakaa kwenye kiti cha baba. Akamwambia mshauri aende kwenye mkutano awaambie kwamba mama yake amekataa, basi, hakuna maneno mengine. Mshauri alitoka kupitia mlango wa jikoni.

Wamama waliondoka polepole, uso wa gavana ukienda nao mgongoni. Wengine walilia. Kiongozi wao alipita dirishani akaniambia, bila hasira, "Umetukatia wimbo, mama." Gavana aliomba bukari, ugali wetu. Nilipika na sombe, majani ya muhogo, akala yote, kisha akalala palepale kwenye kiti, kichwa nyuma, mdomo wazi, kama mtu aliyefika kutoka safari ndefu. Nilikaa jikoni nikisikiliza pumzi zake. Jua lilipita sakafuni, juu ya kikwembe, na hakuna aliyekiondoa mpaka nilipokwenda mwenyewe kukikunja.

Katibu alisimama, akashinda. Watu walimtega kwenye redio ili amcheke mzee wake, naye akasema tu, "Kama ni mama, nani atabisha?" Kwa hilo ninamshukuru. Lakini serikali mpya ilikuja na madereva wake. Baba alikaa nyumbani miezi, akizunguka lupango, akigonga ukuta hapa na pale kama anatafuta tofali lililolegea. Sasa anaendesha lori la mchanga la mtu. Anarudi mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Paa la chumba cha nyuma bado ni turubai. Jioni moja aliniambia, kwa heshima ile ile, "Mama, umenitoa kwenye gari la baridi ukaniweka kwenye jua." Nilipeleka maji ya kuoga. Hakusema tena, wala mimi, na wakati mwingine chakula chetu kinapita bila neno.

Baba mkubwa, ambaye si gavana tena, anakuja baadhi ya asubuhi, kwa miguu kutoka mahali taksi inapomwacha. Anakaa kwenye kigoda. Amekonda, na rangi ya uso imemrudia. Hajawahi kunishukuru na hajawahi kunilaumu. Ila siku moja nilimsikia akimwambia muuza makala, kwa sauti ya zamani ya mikutano: "Miye ningeshinda, mzuri kabisa. Wabunge balikuwa bangu. Ni mama tu njo alikataa." Muuza makala alitikisa kichwa kwa huruma. Nilitafuta uso wa baba mkubwa nione kama anaigiza au anaamini. Alikuwa akitazama barabara. Sikuona.

Tangu hapo ninajiuliza. Asubuhi ile ya moshi, labda hakuniomba kitu. Labda alikuwa mzee tu anakumbuka ujana karibu na moto, na mimi nikachukua kumbukumbu yake nikamfungia nayo njia, yeye na baba na wamama wote wale. Au labda aliniomba, na kuweza kusema kwamba angeshinda ndiyo zawadi niliyompa. Ninapolala nalitafuta ziwa nimuulize mwenye jina. Siku hizi ndoto haiji.

Kwa hiyo ninawaandikia ninyi nisiowajua. Pengine kati yenu yuko anayebeba jina la marehemu, na watu wazima wanamwita mama au baba tangu akiwa mtoto. Ukisema neno na wao wakatii, unajuaje kama limetoka kwa yule au kwako? Uliwahi kumzuia mtu, ukakosa kujua alitaka nini? Niandikie uniambie ilikuwaje. Hata mistari michache inatosha. Nitaisoma taratibu, hapa langoni, mafuta yakipata moto.